Wimbo wa Kwanza, Upande wa Pili

Mwanamke hatoki nje na nywele nusu. Mama yangu, Odessa Boyland, alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kusali. Na siku niliyompoteza Thaddeus Broadnax nilikuwa nimekaa jikoni kwetu, Memphis ya kusini, upande wa kulia wa kichwa changu umenyooka mpaka begani, upande wa kushoto umesimama wima kama Mungu alivyouumba. Wanaotaka kunilaumu wanilaumu, lakini kwanza wanisikilize.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 1974. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kazi yangu kupiga pasi mashuka kwa dobi, na usiku nalala kwenye chumba kilekile nilichozaliwa. Thad alikuwa anahamia California siku hiyo. Bibi yake aliyemlea tulikuwa tumemzika mwezi wa sita, na baada ya hapo hakuwa na mtu wa kumshika Memphis isipokuwa mimi. Rafiki yake wa jeshini alikuwa amemtafutia kazi bandarini huko. Aliniomba niende naye kama mkewe. Nilimwambia anipe siku chache nifikirie, na siku zenyewe zilikuwa zimekwisha.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa sebuleni, juu ya gramafoni.

Nani kwetu asiyemjua Delmar Gaines? Watu wameoana kwa sauti yake, wameachana kwa sauti yake, na wengine wamerudiana kabla santuri haijageuzwa. Alianzia kwaya ya kanisa ng'ambo ya mto, Arkansas, na hata alipohamia nyimbo za mapenzi aliendelea kuimba kama mtu aliyepiga magoti. Mwaka ule kampuni yake ilimkusanyia nyimbo kumi na mbili zilizovuma kuliko zote, ikaziweka kwenye santuri moja kubwa. Jaladani amepigwa picha na suti ya rangi ya maziwa, kofia ameishika kifuani. Thad alinunua ya kwanza kufika mjini. Alhamisi akampa Clarice, mwenzangu wa kazini, na Clarice akaniletea amenuna, maana alitaka kuisikiliza kwanza. Ndani ya jalada mlikuwa na barua.

"Arletta wangu. Jumamosi saa tano kamili asubuhi nitapita mbele ya nyumba yenu na gari likiwa na mizigo. Mama yako alinikataza kukanyaga kibaraza chake, na sitamvunjia heshima bila idhini yako. Ukiwa unakuja na mimi, nipigie wimbo wa kwanza, upande wa pili. Nikiusikia nitashuka, nitapanda zile ngazi, na nitakuomba kwa mama yako hata akinimwagia maji. Ukiwa huji, nipigie wa pili. Nikiusikia huo nitapita zangu, na sitakuandikia, kwa sababu sitaki uwe unanijibu kwa huruma. Thad."

Wimbo wa kwanza uliitwa "Koti Langu Mkononi." Mtu amesimama mlangoni, ameshavaa viatu, anamwambia mpenzi wake mimi niko tayari, kazi kwako. Wa pili uliitwa "Taa ya Kibaraza Nimeizima." Huo sina haja ya kuueleza.

Na mnielewe kuhusu kazi ya Thad, maana ndiyo iliyotuponza. Kwa miaka sita alizungukia mabaa na migahawa akibadilisha santuri kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu. Humo kila wimbo una santuri yake ndogo. Unachagua wako, unapigwa, unaisha, mashine inanyamaza. Thad alikuwa anajua kila mkwaruzo wa kila santuri kutoka mtoni mpaka mwisho wa mji, lakini alizijua moja moja.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni, saa ya ukutani inaonyesha saa nne na dakika arobaini. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa tangu jana. Mama alikuwa nyuma yangu. Kitana cha chuma kilikuwa juu ya moto wa jiko, na harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa imejaa nyumba nzima. Sebuleni Delmar Gaines alikuwa anaimba upande wa kwanza. Mama, muumini wa kiti cha mbele, alikuwa na sheria yake: Jumamosi asubuhi, wakati wa usafi, muziki wa dunia ruksa. Ikigonga saa sita mchana, nyumba inarudi kwa Bwana.

"Kaa vizuri," mama akasema.

"Nimekaa, Mama."

"Umekaa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Una nini leo?"

"Joto tu."

"Joto halikuanza leo." Akajaribu kitana kwenye karatasi, karatasi ikabadilika rangi, akakipuliza. "Shika sikio."

Nikakunja sikio langu la kulia kwa kidole, akapitisha kitana pale karibu na ngozi. Mkono wa mama ulikuwa hautetemeki. Wanawake wa kanisani walikuwa wanasema Odessa Boyland anaweza kuchoma nywele za mtoto mchanga aliyelala na asiamke.

"Yule bwana honi wako," akasema, "nasikia anahama."

"Nani kakwambia?"

"Ruby Lee." Huyo alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwa na haja ya gazeti. "Anasema nyumba ya bibi yake iko tupu. Hata pazia ameshusha."

"Ana jina, Mama. Anaitwa Thaddeus."

"Jina ninalijua. Lakini mimi nilitambulishwa kwa honi kwanza."

Hilo ndilo kosa la Thad, na kwa mama yangu lilikuwa kosa la jinai. Mwezi wa tatu alikuja kunichukua kwa mara ya kwanza, na badala ya kushuka, kupanda ngazi na kupiga hodi kama mtu aliyelelewa, alikaa kwenye ile Buick yake akapiga honi mara mbili. Mama alitoka yeye. Alimwendea mpaka dirishani akamwambia, "Binti yangu si sahani ya samaki wa kukaanga uliyoagiza uletewe kwenye gari. Usikanyage kibaraza changu." Thad aliomba radhi palepale, kofia mkononi, akaahidi honi ile haitalia tena mbele ya nyumba hii maisha yake yote. Wiki iliyofuata alileta keki ya limau aliyooka bibi yake. Mama alipokea keki kwa dirisha la uani na mlango hakuufungua. Kuanzia hapo tulikuwa tunaonana kwa Clarice, watu wazima na akili zetu, kama wezi.

Saa tano kasoro dakika tano, filimbi ya garimoshi ikalia kule kwenye reli, mwisho wa barabara yetu.

"Hilo la makaa ya mawe," mama akasema. "Mabehewa mia na ushee. Wenye magari ng'ambo ya reli wataota mizizi."

Nilisikia kwa masikio tu, akili yote ilikuwa kwenye saa. Leo ningetoa mwaka mzima wa maisha yangu kwa yale maneno ya mama, niyapate tena niyasikie kama inavyotakiwa.

Saa tano kasoro dakika moja nikasema, "Mama, naomba nikageuze santuri."

"Upande wa kulia ndiyo kwanza umekwisha. Kitana kiko tayari."

"Dakika moja tu."

"Wewe na huyo Delmar Gaines. Nenda, rudi haraka, kitana kinapoa."

Nikaenda sebuleni. Dirisha lilikuwa wazi, gramafoni nilikuwa nimeisogeza karibu na wavu tangu asubuhi. Nikageuza santuri. Sindano ikakwaruza ukingoni kabla haijakaa. Nikaongeza sauti. Zile tarumbeta tatu za mwanzo zikalia, kisha Delmar akaingia, anasema ameshavaa viatu, koti liko mkononi. Nikachungulia barabarani. Hapakuwa na gari. Nikajiona kwenye kioo cha kabati, nusu malkia, nusu kichaka, nikarudi nyuma ya pazia. Thad alikuwa hajawahi kuniona bila nywele zangu kutengenezwa. Nilijiambia akishuka atakaa na mama kibarazani, na mimi nitapata muda wa kufunga kitambaa. Kuona aibu nako. Ningebaki pale dirishani na kichaka changu, leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

"Arletta," mama akaita.

"Ndiyo, Mama." Nikarudi kitini.

Akachukua fungu la nywele za kushoto, pale chini kabisa shingoni ambapo kitana kikiteleza kidogo tu unaota kovu. Akanikandamiza kichwa mbele, kidevu kifuani. Sikuwa naona kitu isipokuwa magoti yangu na marumaru ya jikoni.

"Nina jambo nataka nikwambie," akasema. "Na usinikatize. Nikikatizwa sitarudia."

"Ndiyo, Mama."

"Unayakumbuka yale masanduku?"

Nani angeyasahau. Baba yangu alikwenda California nikiwa na miaka mitatu, kutafuta kazi, akasema baada ya Krismasi atatuita. Mama alifunga masanduku mawili akayaweka sebuleni karibu na mlango. Yalikaa pale miaka miwili. Nilijifunza kusoma kwa herufi za jina la mama zilizoandikwa juu yake.

"Nayakumbuka."

"Watu walidhani nilikuwa namngoja. Sikuwa namngoja. Ilipofika mwezi wa tatu nilikuwa nimeshajua haji. Mwanamke anajua." Kitana kikapita, nywele zikatoa sauti ndogo ya kukaangika. "Sikuweza kuyafungua, basi. Kila aliyeingia hapa alikuwa ameyaona. Ningeyafungua, ningekuwa nimekubali mbele ya watu kwamba nimeachwa. Nilikuwa navaa nguo mbili zilezile miaka miwili, na nguo zangu zote ziko ndani ya sanduku, kwa sababu ya aibu."

Katika maisha yangu yote mama alikuwa hajawahi kunitajia baba kwa zaidi ya maneno matano. Nilitaka kugeuka nimtazame. Kule sebuleni Delmar alikuwa amefika ubeti wa pili. Barabara ilikuwa kimya. Nilikuwa na sikio moja kwa mama na jingine nje, na yote mawili yalikuwa yananiuma.

"Jana nilikuwa natafuta pini chini ya kitanda chako," mama akasema.

Nikainua kichwa.

"Usitikisike. Nimesema usitikisike, nitakuunguza. Nililiona sanduku. Nikakaa sakafuni pale, mzee mzima, nikalitazama. Limefungwa kwa kamba jinsi nilivyofunga mimi. Nilitaka nilifungue nitupe kila kitu uani."

"Mama..."

"Nimesemaje?"

"Nisikukatize."

"Haya."

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Niliujua kila pumzi: pale tarumbeta zinaporudi, pale anapolia jina la mwanamke mara tatu, halafu sauti inafifia. Na hapo ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimezoea wimbo huu kwenye santuri yake ndogo, ile niliyokuwa nayo tangu shule, unaisha na hakuna mwingine nyuma yake. Lakini hii haikuwa ile. Hii ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, mmoja nyuma ya mwingine. Ukiisha wa kwanza, hakuna wa kuuzuia wa pili.

"Mama, naomba nikarudishe wimbo."

"Kaa."

"Nitarudi sasa hivi."

"Arletta Boyland, mimi ninasema na wewe maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, na wewe unaniambia wimbo?"

Sauti yake ilikatika katikati. Mama alikuwa analia. Tone likaniangukia nyuma ya shingo, la moto kuliko kitana. Niambieni, ninyi mngefanya nini? Mtoto gani anasimama anamwacha mama yake analia, aende kugusa gramafoni? Nikabaki. Nikajiambia labda Thad alipita mwanzoni, labda anaegesha gari. Nikajiambia amechelewa, na akichelewa sana upande mzima utaisha na nitauanza tena. Nilijiambia kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kinakuja.

Kimya kifupi kikapita sebuleni. Kinanda kikaanza taratibu, peke yake, na Delmar Gaines akasema taa ya kibaraza ameizima.

"Nimekuwa namwadhibu kijana wa watu kwa kosa la mwanaume mwingine," mama akasema. "Ile honi ilikuwa kisingizio. Honi nilimsamehe siku ya keki. Nilikula keki yote peke yangu, hata wewe sikukupa, unakumbuka? Nilikuwa nakula huku namsamehe na huku namchukia."

Na hapo nikalisikia gari. Buick ya Thad ilikuwa na mkanda wa injini uliolegea, gari likipunguza mwendo unalia kama mlango wa zamani. Ulilia kuanzia kule relini, ukaja, ukaja, ukafika mbele ya nyumba yetu. Injini ikazimwa.

"Mama, niachie."

"Namalizia. Shika sikio."

"Mama, tafadhali."

"Kwa hiyo nimeamua," mama akasema, na fungu la nywele lilikuwa limezungushwa kwenye kitana, limebana. "Mwambie aje kesho baada ya ibada. Aje kwa mlango wa mbele. Nitapika kuku. Akae mezani kwangu aniombe kwa mdomo wake mwenyewe, na nikimtazama machoni nikaona anakupenda, mwende hiyo California yenu. Lakini mfunge ndoa hapa kwanza, mbele yangu, ili..."

Nilisimama. Kitana kikanipiga shingoni. Alama ninayo mpaka leo, ndefu kama kidole cha mtoto. Sikulia, pumzi haikuwepo ya kulilia. Mama akaangusha kitana, akanishika mabega kwa mikono miwili akanirudisha kitini kwa nguvu za woga.

"Nimekuunguza. Mungu wangu, nimekuunguza. Tulia nikupake mafuta."

"Mama, ni Thad. Yuko nje."

"Yuko nje wapi? Mbona hajapiga hodi? Tulia, mwanangu, ngozi itatoka."

"Niachie, Mama, anausikiliza. Anausikiliza huo wimbo."

Hakunielewa. Angenielewaje? Alinikumbatia pale kitini, kichwa changu tumboni kwake, na alikuwa ananipenda, na mikono yake ilikuwa imara kuliko ya wanaume wengi. Nje, injini ikawaka tena. Mkanda ukalia, ukaondoka nao.

Nilijichomoa. Nikapita sebuleni, nikagonga mlango wa wavu kwa bega, nikashuka ngazi zote kwa hatua moja, pekupeku, taulo shingoni, nywele nusu. Jumamosi hiyo barabara yetu ilikuwa na watu. Waliokuwa wanaosha magari waliacha maji yakimwagika. Bi Ruby Lee alikuwa kibarazani kwake na bakuli la kunde mapajani.

"Arletta, mwanangu, kichwa chako."

"Amesimama hapa?"

"Alisimama. Alizima gari kabisa, akavua kofia, akakaa anasikiliza. Nilidhani anasali. Kisha akaivaa kofia yake taratibu, akageuza gari, akaondoka. Kuna nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Buick ilikuwa inaonekana mwisho wa barabara, godoro juu ya paa, kiti cha bibi yake kimefungwa juu ya godoro, miguu inatazama mbinguni. Niliita. Niliita jina lake lote, Thaddeus, kama mama anavyoita watoto waliokosa. Gari lilipanda reli, likayumba, likashuka ng'ambo. Na filimbi ikalia.

Lilikuwa garimoshi la pili, likitokea upande mwingine. Mlingoti wa kuzuia magari ukashuka mbele ya kifua changu na taa nyekundu zikaanza kuwaka na kuzima. Nikasimama pale. Behewa likapita, na kati yake na la pili nikaliona gari. Behewa, kisha gari, dogo zaidi. Behewa, kisha godoro tu. Niliendelea kuita wakati hata mimi mwenyewe sikuwa najisikia. Kuna kipindi mtu unaita kwa sababu ukinyamaza itakuwa kweli.

Behewa la mwisho lilipopita, mlingoti ukapanda kwa adabu zake zote, kama unanikaribisha. Barabara ilikuwa tupu mpaka juu kabisa. Kutoka pale hadi daraja la mto ni mwendo wa dakika kumi, na ng'ambo ya daraja ni Arkansas, na baada ya Arkansas ni Amerika nzima. Sikuwa na anwani. Sikuwa na jina la rafiki yake. Bibi yake alikuwa kaburini. Nilichokuwa nacho ni kwamba hataandika, na Thad ni mtu akisema neno, halitengui.

Mama alinifikia pale. Alikuja na ndara za nyumbani na aproni, yeye ambaye hakuwahi kutoka hata kuchukua gazeti bila soksi. Alikuwa anahema. Akavua kitambaa chake mwenyewe kichwani, akanifunga nacho, akafunga na fundo nyuma, juu kidogo ya pale nilipoungua. Mvi zake zikabaki nje, watu wote wanaona.

"Ulitaka kumwambia nini?" akauliza.

"Kwamba naenda naye."

"Na yeye alikuja kusikia hilo?"

"Alikuja kulisikia kwenye santuri. Wimbo wa kwanza ndiyo, wa pili hapana. Niliupiga wa kwanza, Mama. Niliupiga saa tano kamili."

Mama akatazama reli, akatazama kule nyumbani, nikamwona anapanga mambo kichwani moja baada ya jingine: garimoshi la makaa ya mawe, santuri, kiti, maneno yake. Nilimwona anapofika mwisho. Uso wake ukazeeka mbele yangu, na nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye mpaka meno yanagongana, na vyote viwili havikuwa na pa kwenda.

"Mbona hakupanda ngazi?" akasema. "Hata kama wimbo ulikuwa wa pili. Mbona hakupiga hodi?"

"Ulimkataza asikanyage kibaraza chako."

"Si angepiga honi, basi."

"Alikuahidi hataipiga tena."

Mama aliishika nguzo ya mlingoti kwa mkono mmoja kama mtu anayesubiri kizunguzungu kipite.

"Leo angeipiga," akasema. "Leo angeipiga tu hiyo honi."

Tulisimama pale mpaka jua likawa utosini, ndipo tukarudi nyumbani. Bi Ruby Lee aliinama kwenye kunde zake, na nilimshukuru kwa hilo. Sebuleni santuri ilikuwa imefika mwisho, sindano inakwaruza mahali pamoja. Nilipita bila kuigusa. Mama ndiye aliyekwenda, yeye ambaye alikuwa hajawahi kugusa gramafoni ile kwa muziki wa dunia. Nilimsikia anahangaika na sindano. Kisha tarumbeta tatu zikalia, na Delmar Gaines akasema ameshavaa viatu, koti liko mkononi. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa sita mchana.

Nilikaa kitini. Mama alinipaka mafuta pale nilipoungua, akawasha jiko upya, akaweka kitana motoni. Bado kulikuwa na upande wa kushoto, na kesho yake ilikuwa Jumapili, na mwanamke hatoki nje na nywele nusu.

"Shika sikio," akasema.

Nikalishika. Alikuwa amekiinua kitana, karibu kabisa na ngozi, honi ilipolia barabarani, mara mbili. Mkono wa mama ukasimama hewani. Tukasikiliza gari likipita, likasimama nyumba ya tatu, mtu akashuka anacheka, mlango ukafungwa.

"Si yeye," nikasema.

"Najua," mama akasema.

Lakini hakukiteremsha kitana mpaka kilipopoa, ikabidi akirudishe motoni.